Shangazi Anayekataa Kupokea Mtoto Anayeharisha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shangazi amesimama mlangoni mwa vyumba vyake viwili vya kulelea watoto. Amekataa kumpokea mtoto mmoja.

"Ameharisha mara mbili tu," mama wa mtoto anabembeleza, sare ya kazi mwilini. "Nisipoingia leo watanifukuza."

"Najua, mwanangu, lakini rudi naye. Mchanganyie ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, umnyweshe kidogo kidogo. Ukiona damu, usipite hapa, nenda zahanati moja kwa moja."

Mama anaondoka bila kuaga. Shangazi, mwenye miaka hamsini na mitatu, anaingia ndani na kunawa kwa sabuni hadi viwikoni. Ngozi ya vidole vyake imepasukapasuka.

Miaka miwili iliyopita tumbo lilimsokota siku mbili. Alidhani ni kiporo. Akajikaza, akaendelea kubadilisha nepi na kulisha watoto kumi na wanne. Siku ya tatu aliona damu chooni.

Wiki hiyo watoto tisa waliugua kuhara damu. Mmoja wao, mvulana pacha wa mwaka na nusu, alifariki.

"Muuguzi wa zahanati aliniambia wadudu wenyewe wachache tu wanatosha kumwangusha mtu, na unaweza kuwabeba hata ukishapona," anasema. "Hakunilaumu. Bora angenilaumu."

Alifunga kituo mpaka vipimo viwili vya choo vilipotoka safi. Kisha akaenda kwa mama wa pacha, fundi cherehani, akamweleza yote. Fundi hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

Miezi minane baadaye mama huyo alimletea Shangazi pacha aliyebaki, msichana.

"Nikamuuliza, mwenzangu, umenisamehe?" Shangazi anakumbuka. "Akasema, 'Hapana. Ila kwingine wananiambia wananawa. Wewe najua unanawa.'"

Sasa anataka kugeuza stoo ya nyuma iwe chumba chenye bomba na choo chake, ili mtoto akianza kuharisha katikati ya siku akae kando hadi afuatwe. Matofali yapo uani. Fundi bomba ameahidi kuja Jumamosi, ingawa aliahidi hivyo hivyo Jumamosi iliyopita.

"Ugonjwa kuingia utaingia, siwezi kuuzuia," anasema. "Ninachotaka ni usihame tena toka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kwa mikono yangu."