Fahali wa Evodio Hana Baruti

Jua limeshapanda juu ya mapaa ya mji wa Tultepec, na Eufrosina Urbán bado amepiga magoti uani, akibandika karatasi kwenye ubavu wa fahali. Mbavu ni za mwanzi. Gundi ni ya unga wa ngano. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki tena, kwa kuwa viliungua zamani.

Fahali huyu anatakiwa kutoka siku ya Mtakatifu Yohane wa Mungu, mlinzi wa mafundi fataki. Mtaani kwao, fundi akifia kazini, jamaa zake hutengeneza fahali mwenye jina lake, humpakia fataki mgongoni na kumchezesha barabarani mpaka ateketee.

Jina lililo ubavuni ni Evodio, mwanawe wa pekee. Alikufa mwaka jana katika chumba cha nyuma, baruti aliyokuwa akiishindilia ilipolipuka. Baada ya mlipuko huo, baruti ilipigwa marufuku majumbani. Sasa inashikwa tu katika karakana zenye leseni, mbali na makazi.

"Sheria ni nzuri," anasema bila kuinua uso. "Ingekuja mapema, ningekuwa na mtoto."

Hata hivyo, wanawake waliokuwa wakisokota tambi za kuwashia fataki huku maharage yakichemka jikoni wamebaki mikono mitupu. Eufrosina sasa anafulia watu nguo, na kipato chake kimeshuka kwa nusu.

Jirani yake, Hortensia, ana mjukuu anayelia na kuziba masikio kila mshindo unaposikika.

"Shoga, tangu sheria hii mtoto analala," anasema kutoka mlangoni. "Usinichukie."

"Nikuchukie kwa lipi? Wewe ndiye wa kunichukia, nimemwamsha tangu azaliwe!"

Wanacheka kidogo.

Gari linasimama nje. Ni Filemón Solano, mwenye karakana kubwa na leseni.

"Mama, nipe huyo fahali nimpakie baruti. Bure kabisa. Ila kinachopakiwa kwangu hutoka na jina langu."

"Yaani jina la mwanangu nilifute?"

"Bila moto huyo ni boksi tu, mama. Watu watakucheka."

Eufrosina anaweka brashi chini. "Filemón, ile baruti aliyokuwa akiishindilia Evodio humu ndani, ilikuwa oda ya nani?"

Mwanamume huyo anachezea funguo zake.

"Yangu," anajibu, kisha anarudi garini.

Eufrosina anaokota brashi na kukolezea herufi ya mwisho ya jina. Siku ya sikukuu, anasema, atambeba fahali huyo yeye mwenyewe mabegani, katikati ya mafahali wanaowaka.

"Wengine watarudi na majivu," anasema. "Wangu hataungua. Nitarudi naye nyumbani."