Luteni Kanali na Mkate wa Kumimina

Mwaka juzi alikuja Mjerumani mmoja Kilwa Masoko kujifunza kupika mkate wa kumimina, akaelekezwa kwangu. Tangu mume wangu alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa nikipika mikate ya harusi na maulidi pale mtaani. Alifika asubuhi amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, akaniambia kwa Kiswahili cha kitabuni kwamba yeye ni luteni kanali mstaafu, na anaomba kuwa mwanafunzi wangu kwa miezi mitatu. Nikautazama urefu wake, nikautazama mlango wa jiko langu. Nikamwambia akikubali kuinama, tutaelewana.

Shangazi yangu, ninayekaa naye, hakutaka hata kumsikia. Babu yake alibebeshwa mizigo na jeshi la Wajerumani wakati wa vita vyao na Waingereza, kutoka pwani hadi Likawage, huko bara, na mbele zaidi, na aliporudi bega moja lilikuwa limeshuka, wala halikupanda tena. Mgeni alipompa shikamoo, hakuitikia. Akaniambia mimi, si yeye:

"Kama anataka kuingia humu, abebe maji kwanza."

Mgeni akauliza kisa, nikamsimulia. Akachukua ndoo mbili. Kwa wiki mbili alibeba maji kutoka bombani, mgongo umenyooka kama yuko kwenye gwaride, na majirani wakawa wanapata sababu ya kufagia barazani kila anapopita. Siku ya kumi na tano Shangazi akaitikia marahaba, akaongeza kwamba ndoo ya kushoto huwa anaimwagamwaga.

Jikoni alikuja na daftari lenye michoro na mishale, utadhani mchele uko kilimani na sisi tunakwenda kuushambulia. Aliandika kila kitu: mchele umelowekwa saa ngapi, tui kiasi gani, sukari vikombe vingapi, hiliki punje ngapi. Nikamwambia hamira haina saa. Siku ya jua inakimbia, siku ya mawingu inalala, wewe tazama mapovu. Hakunisikia. Mkate wake wa kwanza aliuepua kwa dakika alizoziandika, juu umepiga rangi nzuri, katikati uji mtupu. Shangazi akaomba kijiko.

Tulipokuwa tukisubiri unga uumuke ndipo aliponieleza maisha yake. Baba yake alikuwa mwoka mikate kijijini kwao, akitaka mwanawe arithi tanuri. Yeye akakimbilia jeshini ili asiamshwe alfajiri kukanda unga, na jeshini wakamwamsha mapema zaidi. Alipanda vyeo miaka mingi bila kusikia risasi ya adui. Kazi yake kubwa, alisema, ilikuwa kuhakikisha malori yanawaka na supu ina moto. Halafu akapelekwa vitani Afghanistan, akiongoza vijana.

Nikamwuliza, "Uliua mtu?"

"Sijui," akasema. "Nilitoa amri. Vijana wangu wawili hawakurudi. Hao nawajua."

Shangazi, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alimsogezea kikombe chake mwenyewe cha chai. Unga ulipofika ukingoni mwa bakuli, akainuka kuwasha makaa.

Aliporudi kwao kutoka vitani alipewa ofisi yenye dirisha kubwa, akakaa humo akipiga mihuri hadi kustaafu. Baba yake alikuwa ameshafariki na tanuri limeuzwa. Jirani yake huko, mwanamke wa Lindi aliyeolewa na Mjerumani, alimwonjesha mkate wa kumimina siku ya Idi, na ndiye aliyemtuma kwangu.

Mwezi wake wa tatu kwangu tukapata harusi kubwa, na siku mbili kabla yake nikaunguza mkono kwa mafuta. Nikalazwa kwenye mkeka uani, nikitoa amri, na luteni kanali akawa mkono wangu. Aliwapanga majirani waliokuja kusaidia: wewe nazi, wewe makaa, wewe masufuria. Walimwitikia "sawa, Afande" kwa adabu zote, kisha kila mmoja akahamia pale penye mazungumzo matamu. Akanijia amekunja uso, akaripoti kwamba hakuna askari hata mmoja aliye kwenye nafasi yake.

"Wewe bandika," nikamwambia. "Kazi itakwenda."

Ikaenda. Daftari lililowa tui, akalitupa juu ya kuni, akaanza kuinamia mabakuli na kutazama mapovu. Makaa juu, makaa chini, mkate baada ya mkate ukatoka mwororo wenye vitundu kama sega la nyuki. Minne iliungua, tukaila wenyewe. Harusini bibi yake bi harusi alikula vipande viwili, akaniuliza nani kapika. Nilipomwonyesha, akamtazama kwa makini na kuuliza kama ana mke.

Sasa yuko kwao. Kila Jumamosi anapika kwenye banda la gari lake, na majirani wanapanga foleni. Tatizo ni jinsi wanavyoula: wanaupaka siagi, wanaunyunyizia chumvi. Alinitumia picha akicheka, nami nikakasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu, Shangazi alipokwenda msibani, nikafunga mlango wa jiko, nikapaka siagi kipande kimoja, nikatia chumvi kidogo.

Si kibaya. Ila kinataka chai ya rangi.