Kila Hafutamu, Kabazi

Juzi nilimpeleka binti yangu saluni hapa Gilgil, na msichana wa pale alipofungua chupa ya rangi ya kucha, pua yangu ikanirudisha moja kwa moja kwa shosho, nyanya yangu. Si kwamba shosho alipaka kucha. Hilo angeliona ushetani. Ni ile dawa nyekundu ya kufutia makosa kwenye stensili, zile karatasi za nta walizochapia mitihani siku hizo. Harufu ilikuwa hiyo hiyo, kali na tamu kidogo. Nilipokuwa mdogo, nikiinusa tu kwenye sweta yake ya ofisi, nilijua naondolewa nyumbani.

Shosho alikuwa amestaafu kazi ya sekretari katika shule yetu ya msingi, pembeni mwa mji wa Nakuru, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu. Mtihani ukikaribia, mwalimu mkuu alimwita aje achape, maana hakumwamini mtu mwingine. Shosho alibadilika siku hizo. Alivaa viatu vya ofisi, akaitwa tena Madam, na dunia nzima ikawa na makosa mpaka ijitetee. Mzazi akileta maziwa, yalirudishwa yakiwa bado moto. Mama mmoja alituletea kabeji kubwa ajabu, nami nikatumwa kuirudisha nikiwa nimeikumbatia njia nzima.

"Kabeji ya wiki ya mtihani si kabeji," shosho alisema.

Yeye aliwashuku wote, na mimi nikamshuku yeye. Mamangu alifanya kazi Nairobi, hivyo nililelewa na shosho, na kila hafutamu, shule ikifungwa siku chache naye akienda kuchapa, alinifungia nguo kwenye mfuko akanipeleka Kabazi kwa dadake, Shosho Wambui. Hakunieleza kwa nini. Hakukaa hata kunywa chai. Alinikabidhi, akageuka, akateremka katikati ya mashamba ya mahindi bila kuangalia nyuma. Na mjue nilikuwa na binamu, Wanja, aliyepelekwa Ndabibi kwa shangazi eti kutembea tu. Wanja ameolewa huko huko Ndabibi. Hakurudi.

Kwa hivyo nilikuwa macho. Nilichungulia mfuko kabla ya safari. Akiweka nguo chache, moyo ulitulia. Siku aliyotia sweta nzito na viatu vya kanisa, nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Shosho Wambui naye alinizidishia mashaka. Hakuwa na mtoto, na alinipikia chapati katikati ya wiki, bila mgeni wala Krismasi. Aliniangalia nikila, akasema msichana kama huyu angemfaa sana. Nikaanza kushuku hata chapati. Nilizila, ndiyo, lakini kwa wasiwasi. Shosho alipokuja kunichukua, mitihani ikiwa imeshafungiwa kabatini, nilihesabu kuwa nimeponea tena, na kwamba hafutamu ijayo huenda nisiponee.

Nilipofika darasa la saba nikaongoza darasa. Siku ya kufunga shule wazazi walikuwa wamekaa uwanjani, majina yakisomwa, wakati Mama Kevo aliposimama. Mwanawe ndiye aliyekuwa amezoea nafasi hiyo. Aliongea polepole, hata bila hasira.

"Shosho ndiye anachapa mtihani, mjukuu ndiye namba wani. Mimi nauliza tu."

Nilihisi macho ya watu wote mgongoni. Shosho akainuka.

"Mama Kevo, nikichapa, huyu mtoto huwa Kabazi. Kila hafutamu, tangu darasa la kwanza. Hajawahi kulala nyumba moja na mtihani."

Miaka yote hiyo nilidhani ananitupa, kumbe ananikinga. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, nikaona mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Nyuma yetu mtu alinong'ona kwamba Kabazi si mbali, na karatasi hukunjika. Najua shosho alisikia, kwa sababu alikaa chini taratibu, akashikilia benchi kwa mkono.

Hafutamu ya muhula uliofuata niliamka nikitafuta mfuko. Hakukuwa na mfuko. Shosho alikuwa jikoni amevaa ndara, anapika chai. Nilipomuuliza, akasema magoti yanamsumbua, wino unamkohoza, shule imepata msichana wa kompyuta, wacha vijana wachape. Nikamshuku tena, maana magoti hayo hayo yalikuwa yakipanda Kabazi bila shida. Nikaamua amefukuzwa, na aibu ndiyo inamfanya afiche. Lakini sikusumbuka sana. Nilicheza pale jikoni nikiimba kwamba siendi Kabazi, naye akaniangalia tu, akaniongezea maziwa kwenye kikombe.

Ukweli nilipewa na Shosho Wambui mwaka tuliomzika dadake. Tulikuwa kwake Kabazi, tunamenya viazi.

"Hakuna mtu alimfukuza," alisema. "Mwalimu mkuu alimwomba asiache. Dada alikuja hapa akalia, mimi sikuwa nimewahi kumwona akilia. Akaniambia, huyu mtoto hata nikimpeleka mbali kama Lodwar, watasema tu. Afadhali niache mimi."

Mimi nilijua alivyoipenda kazi ile. Nilimwona asubuhi za kunipeleka Kabazi aking'arisha vile viatu, akijitazama kwenye kioo cha dirisha kabla ya kutoka. Baada ya hapo alikuwa shosho tu, wa kuchunga kuku na kufua sare yangu, na kama kuna siku alijuta, hakunionyesha. Inaniuma kwamba sikumshukuru.

Muhula ule alioacha kuchapa, nikaongoza tena. Wazazi walipiga makofi, hata Mama Kevo, na safari hii hakuna aliyenong'ona. Nilitembea mbele kuchukua zawadi yangu, kichwa juu, nikidhani wamenizoea.