Jukwaa Lisilo na Ngazi ya Mbele

Usiku ule nililala na kicheko mdomoni. Jioni yake vijana wa kata walinijia, holi letu la kambi ya mkonge limepigwa rangi, kesho linafunguliwa tena, wanataka kichekesho cha zamani. Mwenyekiti wao ana sauti ya mbuzi aliyemeza filimbi. "Bibi Mwajumaaa, tunaomba ile ya Mama Zuhuraaa. Wazee wote wanaitaja hiyo hiyooo." Nikamwiga hapo hapo mlangoni, wenzake wakashikana mabega kwa kucheka. Nikasema haya, nakuja.

Ile ya Mama Zuhura ni hii. Mwanahawa, mama yake Zuhura, alikuwa shoga yangu na jirani yangu, tumetengwa na ukuta mmoja wa udongo. Mumewe alipohamia kwa mwanamke mwingine, Mwanahawa akawa kila jioni anamsemesha kama bado yupo. Kwa kunong'ona, ili watoto wasisikie. "Baba Zuhura, njoo ule basi. Nimekuwekea mnofu. Sikasiriki, njoo tu." Mie sikio ukutani, mkono mdomoni nisicheke. Nikakijua kile kinong'ono mpaka pale anapovuta kamasi.

Mwanahawa amekufa siku nyingi. Kicheko changu kilikuwa hakijafa.

Basi nimelala, na ndotoni ni mchana, jua la utosi, niko uwanjani kambini. Watu wamezunguka, duara kamili, mie kati. Namwigiza nyapara: "Wee! Fungu gani hilo la mkonge, la kufagilia? Rudia!" Duarani huna mgongo wa kuficha. Ukiwapa hawa uso, wale unawapa makalio, kwa hiyo unazunguka, unazunguka, kila mtu apate fungu lake. Na huhitaji kupiga kelele, ukinyanyua nyusi tu wameiona. Ila na wewe unawaona. Unayemwigiza yupo pale pale, hatua tatu, unamuona shingo inavyovimba.

Sisi kambini ilikuwa hivyo, humwigizi mtu asiyekuwepo. Ukimaliza, yeye anaingia kati, anakujibu. Akikujibu sawasawa, unayechekwa ni wewe, na unasimama hapo hapo mpaka amalize. Akinyamaza, amekubali. Ndiyo mnarudi nyumbani pamoja.

Nazunguka, namuona Mwanahawa. Amekaa chini na wenzie, amejifunga gunia lake la kazini, vidole vina miiba ya mkonge. Najua kabisa amekufa. Nikasema, "Karibu, shoga." Alinyoosha kidole, ananionyesha nyuma yangu.

Nageuka, uwanja hakuna. Niko holini, juu ya jukwaa, na ni ile siku yenyewe. Hapa ninayoyasema siyo ndoto peke yake, ndivyo ilivyokuwa.

Walitujengea holi lile wenye shamba, jukwaa la mbao limeinuliwa mpaka kifuani kwa mtu mzima, lina pazia jekundu la kuvuta kwa kamba. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuigiza mle. Nikajifunza upesi. Kule juu watu wote wako upande mmoja, wamekaa gizani, wewe peke yako una taa. Huoni mtu. Nyusi zako hazimfikii mtu. Ukitaka wacheke wa viti vya nyuma, kila kitu lazima ukikuze, mkono uwe kama wa mpanda mnazi, sauti uipandishe. Na Mwanahawa alikuwa ananong'ona! Nitafanyaje? Nikakipiga kelele kinong'ono chake. "BABA ZUHURAAA! NJOO ULEEE! NIMEKUWEKEA MNOFUUU!"

Holi lilipasuka. Mume mwenyewe alikuwa safu ya mbele na mke mpya, hao niliwaona, taa iliwafika magotini. Mke mpya anajipigapiga paja. Nikaona haitoshi, nikaongeza kamasi.

Kiti kikasogea huko nyuma. Mwanahawa amenyanyuka, anakuja kujibu, si ndiyo desturi? Anakuja katikati ya viti, shingo wima. Akafika, akasimama. Jukwaa lile mbele halina ngazi. Uwanjani ungeingia kwa hatua moja, hapa kuna ukuta wa mbao. Akaweka viwiko juu, akainua goti. Kanga ikafunguka. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi.

Mie nilikuwa juu ya kichwa chake. Mkono wangu ungemfikia. Nikainama, nikamwambia kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kunong'ona, lakini kwa nguvu mpaka viti vya mwisho vikasikia: "Zunguka nyuma, shoga."

Akazunguka. Mlango wa nyuma uko nje, upite kwenye tangi la maji. Alipofika, pazia limeshavutwa, watu wanatoka. Jibu lake hakulisema siku ile wala nyingine. Alinisalimu mpaka anakufa. Nikawaambia watu, mnaona, amenyamaza, amekubali.

Sasa ndotoni pazia halifungwi. Mbao zinarefuka chini ya miguu yangu, zinatoka mbele, zinaingia katikati ya viti kama ulimi. Watu wako kulia, kushoto na mbele, magoti yao yanagusa mbao. Nasema na wa kulia, wa kushoto wananivuta gauni. Nawageukia hao, wa mbele wanacheka kitu nisichokifanya. Pa kukimbilia ni nyuma tu, narudi kinyumenyume, na nyuma nako hakuna mbao. Naanguka.

Nimeanguka kwenye kiti. Gizani. Waliokaa kando yangu wote nimewazika. Na juu, kwenye taa, yupo Mwanahawa na gunia lake.

Ananiigiza mie. Siyo mie wa wakati ule, mie wa mwaka huu. Mgongo umepinda, ameshika simu kwa mikono miwili. Sauti ni yangu, hata ule mluzi wa jino lililong'oka. "Haloo? Asha? Mwanangu, mbona unakata? Ni mimi mama yako. Sitaki kitu. Nilitaka tu kukusikia. Haloo?"

Hayo nayasema chumbani, mlango umefungwa. Hajawahi kuyasikia mtu.

Marehemu wakacheka. Mume wa Mwanahawa, naye tulishamzika, anajipigapiga paja.

Nikanyanyuka nimjibu, ninayo mengi. Jukwaa likanifika kidevuni. Nakwaruza mbao, kucha zinang'oka, haziumi. Akainama akanitazama, hana hasira hata kidogo.

"Zunguka nyuma, shoga," akasema.

Nakimbia. Tangi la maji, tangi la maji, tangi jingine, ukuta hauishi. Ninapofika, naona mgongo wa pazia, umeliwa na panya. Makofi yako upande wa pili. Mwanahawa amesimama ameshika kamba.

"Jibu langu analo Zuhura," akasema. "Kesho mpe pa kupita."

"Linasemaje?"

Akaiachia kamba. Kitambaa chote kikaniangukia usoni, nikazinduka, chandarua kimenifunika, napumulia ndani yake kama samaki.

Sikulia, msinitungie. Nilikaa mpaka kukapambazuka, nikaenda kwa mwenyekiti. Nikamwambia viti vyote toeni nje, vizungusheni uwanjani.

"Lakini bibiii, jukwaa tumelipaka rangiii, lina taaa!"

"Pandeni nyie. Mie naigiza chini."

Kutoka hapo nikaenda kwa Zuhura. Nikamkuta anafagia uwanja, mama mtu mzima sasa, ana shingo ile ile ya mama yake. Akanisalimu shikamoo, sikuitika kwanza. Nikamwambia, leo saa kumi namwigiza mama yako, kwenye duara. Nikimaliza, uingie.

Ufagio ukasimama. Hakuuliza kuingia kufanya nini.

"Mama alinifundisha lote," akasema, "neno kwa neno. Ni refu. Utaweza kusimama mpaka liishe?"

Nikaitikia ile shikamoo yake. Nikamwambia nitasimama.