Goti Langu Wakati wa Vita vya Maji

Vita vya maji, yale ya dawa ya kuzuia risasi za Wajerumani, vilipopamba moto upande wa Mahenge, mimi nilikuwa Ifakara nikipambana na goti langu.

Nilikuwa nimetoka shule ya serikali ya pwani, nasubiri kupangiwa kazi ya ualimu. Baada ya mavuno kukawa na harusi, na kwenye harusi kukawa na mieleka. Binamu yangu, mvuvi asiyejua hata herufi moja, alinibwaga kabla sijaamua nianze na mguu upi. Goti likapinda, likavimba kama boga.

Waliokuja kunipa pole niliwaambia kwamba niliteleza kwenye mkeka. Msomi huteleza, haangushwi.

Shangazi yangu alikuwa mkandaji. Asubuhi na jioni alichemsha maji, akachovya kitambaa, akaligandamiza goti, kisha akalikanda kwa mafuta ya nyonyo mpaka nikawaita mababu. Uvimbe ulipopungua akaniamuru nichuchumae na kuinuka nikishika nguzo ya nyumba.

"Inuka, mwalimu! Au goti nalo tulipeleke shule?"

Punde zikaja habari kwamba askari wa Wajerumani wanapita vijijini kusaka majeruhi wa vita. Kijana anayechechemea alifungwa kamba kwanza, akahojiwa baadaye huko bomani. Waliochukuliwa hawakuwa wamerudi kutueleza waliulizwa nini.

Nililiogopa goti, lakini nilimwogopa shangazi zaidi. Jirani akiuliza hali yangu, yeye alijibu kwa sauti ya kuvuka mto: "Anaendelea! Maji yamemwingia vizuri!"

"Shangazi, tafadhali, usitaje maji."

"Nitaje nini?"

Nilifikiri sana. "Sema kimiminika cha moto."

"Haya, baba. Kakate kuni, kimiminika chako kichemke."

Askari wawili walituingilia uani nikiwa nimeketi mkekani, nimenyoosha mguu juu ya kigoda. Binamu naye alikuwapo, ameleta samaki.

"Mguu huo umefanya nini?"

"Niliteleza kwenye mkeka, afande."

Aliutazama mkeka, akanitazama mimi. Kwa kweli hata mimi maelezo yale yasingeniridhisha. Mwenzake akaanza kukunjua kamba.

"Mkeka gani?" binamu alifoka. "Nilimbwaga mimi, afande! Mbele ya bibi harusi! Kateleza wapi?"

"Ulimbwagaje?"

Binamu hakungoja kuulizwa tena. Alinikamata kiuno, akaniinua, akanitupa vumbini vilevile, na goti likalia. Majirani wakajazana kwenye ua, kila mmoja na ushahidi wake.

"Siku ile alilia 'mama'!"

"Eti mama! Alimwita mwalimu wake!"

"Na kanzu ilimfunika kichwa, afande, tukaona yote!"

Sijawahi kutetewa na watu wengi namna ile. Askari wa kamba alicheka mpaka akaegemea bunduki. "Huyu apigane vita?" alisema. "Na nani?" Wakachukua samaki, wakaondoka.

Mimi nilibaki nimelala palepale. Nilihofu kwamba nikiinuka vizuri wangesema ni mpiganaji, na nikiinuka vibaya wangesema ni majeruhi.

"Wamekwenda," shangazi alisema.

"Mbali?"

"Wamevuka mto."

"Ng'ambo kabisa, shangazi, au bado wako kwenye mtumbwi?"