Upande wa Kimya wa Jovina

Ansbert Mwakyoma hakuwahi kuiona kompyuta iliyomlisha. Macho yake yalikwenda na surua akiwa bado mtoto huko Tukuyu, na tangu hapo kila alichokijua kuhusu dunia alikijua kwa masikio, pua na viganja. Kwa miaka mingi alikuwa mpokea simu wa ofisi moja mjini. Simu za mezani zilipokosa kazi naye akakosa, akarudi nyumbani kwake Ukonga, akaanza kuandika mikutano ya watu. Mtu anamletea semina iliyorekodiwa, yeye anasikiliza na kuigeuza maandishi, pamoja na vikohozi vya mwenyekiti akitakiwa.

Kompyuta yenyewe ilimsomea kila alichoandika, kwa sauti kavu ya kiume iliyokwenda mbio bila kupumua. Mkewe Jovina ndiye aliyeipa jina. Aliiita Kasuku.

"Kasuku wako kachachamaa leo," angesema akipita na ndoo. "Anasema mpaka mkato na nukta."

Mashine ilikuwa moja na watu wawili. Chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, Jovina alikifanya ofisi ya kuchapa na kuprinti: barua za kuomba kazi, kadi za kipaimara, ratiba za mazishi. Asubuhi alikaa yeye, alasiri akakaa mumewe. Tatizo likaja na flashi za wateja. Kila flashi iliyochomekwa pale ilikuwa imeshazunguka Gongo la Mboto nzima, na virusi vyake. Siku moja Ansbert aliwasha mashine, akasubiri, akabonyeza hiki na kile. Kasuku hakusema neno. Akakaa mbele ya mashine akiisikia feni yake ikizunguka, na kazi ya watu imo ndani, asijue pa kuishika.

Aliyeitwa ni Twalib, fundi wa jirani na stendi, kijana mwenye maneno mengi lakini mikono ya kweli.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Hapa nitasafisha leo, kesho mtaniita tena," alisema. "Nyie muwe na mifumo miwili humu humu ndani. Wa mzee ubaki na Kasuku wake, flashi ya mtu isiingie huko. Wa mama naweka huu wa bure, unaitwa Ubuntu. Virusi vya huku mtaani havipatani nao."

"Ubuntu?" Ansbert aliuliza. "Si ndiyo utu huo?"

"Basi mimi ndiye nimepewa wa kiutu," Jovina akasema, akacheka kicheko chake cha puani.

Ikawa hivyo. Mashine ikiwaka iliuliza inakokwenda, na pale ilipouliza Kasuku alikuwa bado hajaamka. Ikiachwa yenyewe, ilikwenda upande wa Ansbert. Kwenda kwa Jovina ilibidi mtu abonyeze kitufe cha kushuka, kisha cha kuingia. Upande ule ulifunguka kwa kingoma kidogo, du-du-dum, halafu kimya. Akiwa uani Ansbert alikisikia, akajua mkewe ameingia.

Baadaye Twalib alisema hata huko sauti inaweza kuwekwa, mzee akitaka. Ansbert alitaka. Jovina alikataa.

"Niachie pawe kimya, baba Lusungu. Siku nzima naisikia hiyo sauti mpaka usingizini. Huko kwangu acha pawe kimya."

Ansbert hakukasirika. Ila neno lile lilibaki likimzunguka kichwani, kwa kuwa yeye kimya cha mashine hakikumpumzisha hata kidogo. Kilikuwa mahali asipoweza kuingia. Jovina alikaa huko hata wateja walipokwisha, na Ansbert alikuwa akisikia kiti kikilia, kipanya kikibonyezwa taratibu, na mara moja moja ile pumzi ya mtu anayejizuia kucheka.

Jovina alifariki wakati wa vuli. Presha. Asubuhi alimenya viazi, mchana hakuwepo. Binti yao Lusungu alikuja kutoka Dodoma, akakaa mpaka baada ya arobaini, akamsihi baba yake waondoke wote. Ansbert alikataa. Nyumba ile aliijua kwa miguu. Dodoma angekuwa kipofu upya.

Alirudi kwenye kazi yake. Aliwasha mashine, akaiacha ijiendee upande wake, Kasuku akamwamkia. Upande wa pili hakuugusa. Wateja walikuja siku za mwanzo, wakaacha kuja. Rukaiya, mama Talha wa nyumba ya pili, Mzaramo wa hapo hapo na shoga mkubwa wa Jovina, alimletea chakula mara kwa mara. Alibisha hodi mlango wa uani, akaweka bakuli, akaondoka. Tangu msiba maneno yake yalikuwa yamepungua.

Jumapili moja Ansbert aliondoka kanisani kabla ya matangazo, tumbo likimsumbua. Alirudi polepole na fimbo yake, akapitia mlango wa uani kama kawaida. Alikuwa anavua viatu aliposikia kutoka chumba cha mbele: du-du-dum.

Alisimama na kiatu kimoja mkononi.

Aliijua mashine yake. Peke yake isingekwenda huko. Lazima kidole kishuke, kidole kiingie.

Akapita ukumbini akipapasa ukuta alioupapasa kila siku, akasukuma mlango. Feni ya mashine ilikuwa inazunguka. Na harufu ilikuwemo, ile ya udi ambayo Jovina alifukizia khanga zake na ambayo ilikwisha chumbani mle siku chache baada ya mazishi. Ilikuwa imerudi, mbichi. Alinyoosha mkono akashika kiti. Kiti kilikuwa na joto.

"Jovina?" alisema.

Hakukimbia. Tangu utoto alikuwa amezoea kuwa na vitu asivyoviona. Hiki kilikuwa kimoja tu zaidi.

"Kama ni wewe, kaa," akasema. "Sikufukuzi."

Akavuta kiti cha wateja, akaketi. Na kwa kuwa hakujua mtu anamwambia nini marehemu wake, akamwambia habari za nyumbani. Kwamba Lusungu ni mjamzito. Kwamba bomba la uani linavuja tena. Kwamba jana alikula wali wa nazi na mchicha, na chumvi ilizidi. Aliongea hadi koo likakauka, akaenda jikoni kunywa maji. Aliporudi udi ulikuwa umefifia na kiti kimepoa.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mchungaji angekemea. Lusungu angepanda basi.

Jumapili iliyofuata alirudi mapema makusudi. Kingoma kililia alipofika tu uani, kana kwamba kilikuwa kinamsubiri. Na iliyofuata hivyo hivyo. Akawa mtu mwenye miadi. Katikati ya juma alifanya kazi vibaya, akakosea maneno, mteja mmoja akalalamika. Kasuku alimsomea makosa yake naye hakuyasikia. Alikuwa anasikiliza nyuma ya sauti ile, kama kuna pumzi. Alikonda. Chakula cha mama Talha kililala kwenye bakuli. Siku nyingine, asipovumilia kungoja Jumapili, alishuka mwenyewe: kitufe cha chini, kitufe cha kuingia, kingoma, kimya. Akaandika humo. Aliandika kurasa na kurasa kwenye kimya kile, vidole vikikimbia, asisomewe hata herufi moja. Lakini siku hizo udi haukuwepo, na kiti kilikuwa baridi.

Jumapili ya mwisho ya mambo hayo mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati na masikio yake hayakumfaa. Aliingia, akanusa, akajua hayuko peke yake. Aliketi. Safari hii hakutoa habari yoyote.

"Mama Lusungu," akasema, "mimi sijui kuona. Hata ukinitokea hutanitokea. Nipe mkono."

Akanyoosha kiganja chake hewani, akakiacha pale.

Mvua ilipiga. Akaegemeza kiwiko gotini, kiganja kikiwa bado wazi. Ndipo aliposikia mtu akivuta kamasi, kisha kilio kilichobanwa kikamponyoka.

"Baba Lusungu, nisamehe," sauti ikasema. "Ni mie. Ni mie Rukaiya."

Ansbert aliurudisha mkono wake taratibu, akauweka mapajani.

Rukaiya alisema yote akiwa amesimama ukutani. Ufunguo wa mlango wa barabarani Jovina alimpa zamani, awahudumie wateja yeye akienda kununua karatasi. Na upande ule wa kimya, kazi ikiisha, walikuwa wanacheza karata za kwenye mashine, wao wawili, mmoja akishika kipanya na mwingine akionyesha kwa kidole. Hawakusema kitu wasimsumbue Ansbert aliyekuwa akisikiliza kinasa sauti chake kwenye meza nyingine, na udi wao ulikuwa mmoja, kwa kuwa khanga walifukizia pamoja.

"Humu humu chumbani?"

"Humu humu."

"Na mimi nimo?"

"Nawe umo, baba Lusungu. Alikuwa akinishika kinywa nisicheke."

Baada ya mazishi Rukaiya alimkumbuka mno Jovina. Alijua Jumapili nyumba haina mtu, akawa anaingia kucheza mchezo mmoja na kuondoka. Siku ile Ansbert aliporudi mapema, hofu ilimkausha. Alisimama pale ukutani, Ansbert akampita karibu hata akausikia upepo wa shati lake.

"Ulipotaja jina lake nikataka kusema. Wallahi nilitaka. Halafu ukaanza kumwambia habari za bomba. Nikasema nikifungua kinywa, nakuulia mkeo mara ya pili."

"Na zile Jumapili nyingine?"

"Zile nilikuja kwa ajili yako. Nilisikia fimbo yako kwenye kokoto, ndipo nikaiwasha."

"Weka ufunguo mezani," Ansbert akasema, "uende."

Alimwita Twalib kesho yake.

"Mfumo wa mama, ufute."

"Hakuna shida, mzee. Na kazi zilizomo?"

"Kuna nini humo? Nisomee."

Twalib alisoma: barua za kazi, kadi, ratiba za mazishi ya watu, karata. Basi.

"Na niliyoyaandika mimi? Nimeandika sana huko."

Twalib alitafuta, akatafuta tena. "Hakuna, mzee. Kama hukufungua pa kuandikia, herufi haziendi popote. Zinapotea tu."

Ansbert alipitisha viganja juu ya vitufe. Kurasa zile zote. Kwa wiki nyingi alikuwa amesema mahali pawili tu: kwenye mashine isiyoshika kitu, na mbele ya mwanamke aliyesimama ukutani. Huyu angalau alisikia.

"Nifute?" Twalib akauliza.

"Acha."

"Basi nikuwekee sauti, uingie mwenyewe?"

"Mwenyewe alikataa," Ansbert akasema. "Acha kama palivyo."

Ilipita Ramadhani nzima kabla hajagonga bati la ua la jirani yake. Rukaiya alitoka, akasalimia kwa sauti ya chini. Ansbert alimpa ufunguo bila kueleza lolote, akageuka na fimbo yake.

Siku hizi Rukaiya huja Jumapili mchana, na hubisha hodi kwa nguvu mpaka barabarani husikika. Huwasha mashine, hushuka, huingia, hucheza karata. Ansbert hukaa kiti cha wateja. Amerudi kufanya kazi vizuri na mwili umemrudia kidogo. Ila haamini tena kwamba chumba ni kitupu. Huingia jikoni kwake mwenyewe akasimama kwanza, akanusa, akangoja.

Na huongea. Huanza na habari za mjukuu aliyezaliwa Dodoma, akaendelea na bei ya mchele, na ndoto aliyoota. Mama Talha ana mume na chakula cha kupika. Mara nyingine mchezo humwishia, akaondoka kwa nyayo za taratibu asimkatize. Ansbert hasikii mlango ukifungwa. Husikia feni tu, na huendelea kusema, wala hageuzi uso kuuliza nani amebaki.