Mwalimu Felista na Mtumishi wa Ukurasa wa Sitini

Usiku ule nililala nimeridhika. Nilikuwa nimemaliza sura ya mwisho ya riwaya yangu, ile ambayo Zaina, mtumishi wa nyumbani, anamtilia bibi anayemtumikia sumu kwenye chai.

Zaina sikumzua mimi. Nilimkuta nikiwa kidato cha tatu, katika riwaya ya Kiingereza ya karne ya kumi na tisa, enzi za magauni mapana na magari ya farasi. Kitabu kizima kinamhusu bibi mmoja tajiri na mapenzi yake. Mtumishi mweusi anatokea ukurasa wa sitini, anafungua mlango, anapokea koti la mgeni, basi. Hana jina. Siku moja nilinyoosha mkono nikamuuliza Mwalimu Felista, aliyetufundisha fasihi, yule mtumishi anaitwa nani.

Aligonga meza kwa pete yake. "Hilo haliji kwenye mtihani, Rehema. Kaa."

Darasa likacheka. Kicheko kile nilikaa nacho miaka ishirini, kisha nikaanza kuandika. Mtumishi nikamwita Zaina, nikampa hadithi nzima. Bibi yake nikampa sauti ya Mwalimu Felista, na ile tabia yake ya kugonga meza kwa pete. Wakati huo Mwalimu alikuwa ameshafariki. Msibani sikwenda.

Ndotoni nilijiona nimesimama ukumbini, katika nyumba ile ya kitabuni, juu ya zulia jekundu. Ilikuwa mchana. Dirishani niliona uwanja wa shule yetu ya Iringa, wasichana wanafyeka nyasi wakiwa na sketi zao za bluu, na wala sikushangaa. Mwalimu Felista anatoka chumba cha ndani. Amevaa gauni la bibi yule, gauni nililomvika mimi, nalo limemkaza mabegani hata anatembea kwa shida.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Gauni hili linanibana, mwanangu."

Mlango unagongwa. Zaina anapita katikati yetu kwenda kufungua, na nje hakuna mtu, kuna ukungu tu. Anabaki ameshika kitasa. Kisha ananigeukia.

"Mama yangu anaitwa nani?"

Natafuta. Nimeandika kurasa mia tatu juu ya mtu huyu. Najua alivyopigwa, najua alikoificha sumu. Mama yake simjui. Sikuwahi hata kumfikiria. Zaina anasubiri kwa adabu, kama mtu aliyezoea kusubiri. Uso unaniwaka, na sasa tumo darasani, mimi ndiye niko mbele penye ubao, madawati yamejaa na wote wananitazama mdomo. Nataka kumwambia akae. Neno lenyewe liko tayari ulimini, nami nalijua lilikotoka.

Mwalimu Felista amesimama kando yangu. Gauni halipo tena. Amevaa sweta lake la kijani, lile lililofumuka kwenye kiwiko.

"Siku ile uliponiuliza," anasema taratibu, "nilirudi nyumbani nikakisoma kitabu chote upya. Jina sikuliona. Nikaona haya kurudi kuwaambia."

"Ungeniambia tu hujui, Mwalimu."

"Ningekuambia, mwanangu. Ningekuambia."

Ananishika mkono. Vidole vyake vina chaki. Nataka kumwomba radhi kwa msiba niliouacha upite, lakini anatikisa kichwa kabla sijasema, kama mtu ambaye muda wake umebaki kidogo na ana lake la kusema.

"Usimwandike ili unijibu mimi. Mimi nimeshakwenda. Yeye ndiye anayekungoja."

Nageuka kumtazama Zaina. Mlango uko wazi, ameshatoka.

Nilipoamka kulikuwa kumepambazuka na mto wangu umelowa. Nikaendelea kulia nikiwa macho, kilio ambacho ningelia msibani kama ningekwenda. Kisha nikampigia mhariri wangu, aliyekuwa akiungoja muswada mchana ule.

"Siuleti leo," nikamwambia.

"Kuna tatizo gani?"

"Yule bibi nimemwonea. Nimempa makosa ya mtu mwingine, na hata huyo mwingine hakuwa mbaya kama nilivyomfanya."

"Na Zaina?"

"Zaina nimempa maumivu tu. Sijampa kwao, wala mama."

Akaniambia nichukue muda wangu.

Sura ya sumu nikaitoa, na sikuiwekea nakala. Nikafungua ukurasa mtupu. Nilikaa hapo mpaka chai ikapoa, nikisikiliza, mpaka nikamwona mwanamke amekaa kwenye mkeka, msichana mdogo ameegemea magotini pake akisukwa nywele. Msichana analalamika kuwa anaumizwa. Mwanamke anacheka, analegeza mkono, anaendelea kusuka. Nikawaandika hivyo walivyo, bila haraka ya kuwafikisha popote.